Msimu wa Theluji: Kazi, Chumo na Ibada Milimani

Katika Sura ya Quraysh Mwenyezi Mungu amewakumbusha Makureshi neema ya safari zao mbili, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto. Wafasiri wanasema ya kwanza ilikuwa ya Yemen na ya pili ya Shamu. Sisi watu wa pwani hatuhitaji maelezo marefu katika jambo hili. Majahazi ya Ghuba yalikuwa yakija kwetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na nahodha aliyechelewa kung'oa nanga hukaa bandarini mpaka upepo ugeuke. Hata neno lenyewe "msimu" asili yake ni Kiarabu, nalo limetufikia kwa pepo hizo hizo.

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za msimu mwingine, ambao nao huanza Desemba na kwisha Aprili, kama kwamba umepangwa na kaskazi. Lakini bahari yake ni theluji, na bandari zake ni vijiji vilivyo juu ya milima ya Alps. Huko matajiri wa Ulaya na wa kwingineko huenda kucheza skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa vipande viwili virefu vyembamba vilivyofungwa miguuni. Na kila penye mwenye kucheza hapana budi pawepo mwenye kupika, mwenye kutandika vitanda na mwenye kuosha vyombo.

Tunayaandika haya kwa sababu vijana wetu wanatuuliza. Wameona picha za wenzao wamesimama katika weupe ule, wamevaa makoti mazuri, wanacheka. Wazazi nao wameziona picha hizo wakadhani huko fedha huokotwa. Sisi tulikaa huko msimu mmoja, tangu Desemba 2017 hata Aprili 2018, na yapasa tuseme tuliyoyaona, matamu na machungu.

Mahali penyewe

Bonde la Tarentaise liko katika nchi ya Savoie, mashariki ya Ufaransa. Savoie ilikuwa chini ya wafalme wa Sardinia mpaka mwaka 1860, ndipo ilipoingia katika dola ya Ufaransa. Juu ya bonde hilo viko vijiji vya Courchevel, Méribel na Val Thorens, na njia zao za kutelezea zimeunganishwa hata zikafika kadiri ya kilomita 600. Courchevel ulianza kujengwa mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili. Val Thorens, ulio mita 2,300 juu ya bahari, ulianza kupokea wageni mwaka 1971. Mwaka 1992 michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika katika mji wa Albertville na vijiji vya milima hiyo.

Msomaji asidhani kwamba watu wa huko walikuwa matajiri tangu zamani. Karne mbili zilizopita Savoie ilikuwa nchi ya ufukara. Kipupwe kilipokaribia, baba aliyekuwa na vinywa vingi na unga mchache aliwatoa watoto wake wa kiume, wengine hawajatimiza miaka kumi, wakafuatana na mtu mzima kwenda Paris na miji mingine. Kazi yao ilikuwa kupanda ndani ya mabomba ya moshi na kuyakwangua masizi. Theluji ilipoyeyuka walirudi, waliojaaliwa kurudi. Basi vijiji vile vile vilivyokuwa vikipeleka watoto wao kufanya kazi za msimu ugenini, leo ndivyo vinavyopokea watoto wa wengine. Mwenyezi Mungu huzigeuza siku baina ya watu.

Hata leo wenyeji wengi wana kazi mbili. Mtu uliyemwona Januari akiwapandisha wageni katika viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, ukimtafuta Julai utamkuta malishoni akikama ng'ombe. Lakini wenyeji hawatoshi, na kila mwanzo wa Desemba hupanda maelfu ya wafanyakazi kutoka mbali: Wafaransa wa pwani, Wareno, Waromania, Wamoroko, Wasenegali, na Wangazija wanaoishi Marseille.

Kuwasili kwetu

Tulikuwa wanafunzi katika mji wa Grenoble, na lililobaki ni kuandika tasnifu. Ada tulikuwa tumekopa. Sheria ya Ufaransa humruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, basi tukaandikiwa mkataba katika hoteli moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja. Tuliondoka siku chache baada ya Maulidi. Kabla ya kuondoka tulimpigia simu bibi yetu aliyetulea huko Pangani, tukamweleza tunakokwenda. Akauliza, "Huko kwenye theluji, kuna adhana?" Tukamjibu kwamba hakuna, msikiti uko chini bondeni, mbali. Akasema, "Basi wewe jiadhinie, mjukuu wangu," kisha akauliza habari za blanketi.

Chumba chetu kilikuwa chini ya ardhi, pembeni mwa chumba cha kufulia. Kilikuwa na vitanda vinne vya kupandana na dirisha moja, nalo lilizibwa na theluji kabla Desemba haijaisha. Kodi ya kitanda ilikatwa katika mshahara. Kazi yetu ilikuwa kuosha vyombo. Tulianza saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri, tukapumzika, tukarudi saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne na nusu usiku. Mkataba ulisema saa 39 kwa wiki, lakini wiki ya Krismasi na zile wiki nne za likizo za shule, Februari na Machi, mkataba ni kitu kimoja na sinia zilizojaa ni kitu kingine. Jumamosi ndiyo siku ngumu kuliko zote, kwani wageni wa wiki moja huondoka asubuhi na wengine huingia jioni ya siku hiyo hiyo. Na wanawake wa vyumbani hawakai kitako.

Mwenzetu wa kitanda cha chini alikuwa Mngazija mtu mzima, aliyekuwa katika msimu wake wa tisa. Lugha yake na yetu ni mtu na binamu yake: yeye husema chake, sisi twasema chetu, na Kifaransa huziba palipobaki. Tulimwita Kaka Mkubwa. Kila tulichofaidika huko, baada ya tawfiki ya Mwenyezi Mungu, tulikipata kwake.

Baridi na udhu

Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisafiri miaka michache baadaye katika nyika za kaskazini, upande wa mto Volga. Amesimulia kwamba alikuwa akitawadha kwa maji ya moto karibu na jiko, na hata hivyo maji yalimganda katika ndevu; na kwamba alivaa mavazi mengi hata hakuweza kupanda farasi mpaka apandishwe na wenzake. Tulipokuwa watoto tulidhani hizo ni chumvi za wasafiri. Asubuhi moja ya Januari tulitoka nje na unyevu wa udhu katika ndevu, na kabla ya kuuvuka uwanja tukazisikia ndevu zinakwaruza kama ufagio. Tulimwomba radhi Ibn Battuta.

Kaka Mkubwa alitufundisha kwa vitendo yale tuliyoyasoma chuoni tukayasahau. Sharia imemruhusu mkazi kupaka maji juu ya khufu, yaani soksi za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu, mchana mmoja na usiku wake, na msafiri siku tatu, maadamu alizivaa akiwa na tohara. Milango hii ya fiqhi sisi wa nchi za joto huipita haraka, kama nyumba isiyotuhusu. Huko milimani tulibisha hodi, tukafunguliwa.

Dakika tano

Mwisho wa Desemba jua la huko huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuchwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Mchana hautimizi saa tisa. Sala ya Alasiri na ya Magharibi ziliangukia katika mapumziko yetu, na Isha ina wasaa mrefu. Shida ilikuwa Adhuhuri. Wakati wake uliingia baada ya saa sita na nusu na kutoka kama saa nane na nusu, na huo ndio wakati jiko lilipokuwa likiwaka kwa chakula cha mchana. Siku tatu za mwanzo tuliikosa ndani ya wakati wake, tukailipa kwa aibu.

Tukamweleza Kaka Mkubwa. Akatuuliza, "Wavuta sigara wanatoka mara ngapi?" Tukahesabu: kila mmoja mara mbili, dakika tano tano. "Basi kaombe dakika za sigara." Tulimwendea mpishi mkuu, mtu mkali asiyejua dini yoyote, tukamwambia kwamba sisi hatuvuti, lakini tunaomba dakika tano za mvutaji. Alitutazama, akacheka, akasema tuchukue. Tangu siku hiyo tulisali katika chumba cha kuwekea mabuti ya skii, na siku tulipochelewa yeye mwenyewe alituonyesha saa ya ukutani. Tumelitaja hili kwa sababu vijana wengi huiacha sala si kwa kukatazwa, bali kwa kuona haya kuomba.

Hatutaki kudanganya kwamba kila kitu kilipata ufumbuzi mwepesi. Tulipewa nafasi ya kuhudumu mezani, penye bakshishi nyingi, tukaikataa kwa ajili ya mvinyo. Bakshishi ilitupita. Na pamoja na hayo bilauri za mvinyo zilitufuata jikoni zikiwa na mabaki yake, tukazimwaga na kuziosha. Chakula cha wafanyakazi mara nyingi kilikuwa viazi na jibini vilivyochanganywa na nyama ya nguruwe. Usiku huo tulikula mkate na mayai. Moyo haukutulia kabisa. Anayefikiri kwenda, na awaulize masheikh wake kabla ya kutia saini, si baada ya kuvaa aproni.

Daftari

Mwezi ule wa Desemba kima cha chini cha mshahara nchini Ufaransa kilikuwa yuro 9.76 kwa saa kabla ya makato. Katika hoteli na migahawa, saa ya 36 mpaka ya 39 huongezwa asilimia 10, ya 40 mpaka ya 43 asilimia 20, na zinazozidi hapo asilimia 50. Sisi tulikuwa hatuyajui haya. Ilipokuja hati ya mshahara wa Desemba tuliiona imeandikwa vizuri, ina muhuri, tukanyamaza.

Kaka Mkubwa alitoa chini ya mto wake daftari dogo. Kila usiku, kabla ya kulala, aliandika saa aliyoingia na aliyotoka, na za kwetu pia aliziandika, kwani tuliingia na kutoka pamoja. Hati yetu ilipungukiwa na saa kumi na moja. Tulikwenda naye ofisini. Hakupandisha sauti, aliliweka daftari juu ya meza na kidole juu ya tarehe. Mwezi uliofuata saa zile zilikuwamo. Kuandikiana haki za mali ni mafundisho ya Kurani yenyewe, lakini sisi tulikwenda kufundishwa na mtu asiyemaliza darasa la sita.

Siku barabara ilipofungwa

Januari 2018 theluji ilianguka kwa wingi usio wa kawaida katika Alps. Mjini Zermatt, Uswisi, watalii wapatao 13,000 walizingirwa barabara na reli zilipofungwa. Katika milima hiyo hatari ya maporomoko ya theluji hupimwa kwa daraja 1 mpaka 5, na daraja la 5 halionekani mara kwa mara. Watu wa huko hawalifanyii mzaha. Tarehe 10 Februari 1970 poromoko liliwaua watu 39 huko Val d'Isère, wakiwa ndani ya nyumba, wakila. Aliyefukiwa huhitaji kutolewa katika dakika za mwanzo. Zikipita kumi na tano, matumaini hupungua upesi. Kwa hiyo alfajiri tulisikia mizinga: walinzi wakilipua miteremko ili theluji ianguke kabla ya watu kuamka.

Siku moja katika siku hizo barabara ya kushuka bondeni ilikuwa imefungwa tangu usiku. Asubuhi, kabla ya kuingia kazini, simu ikalia kutoka Pangani. Bibi alikuwa amefariki kabla ya alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Huko kwetu maiti hangoji. Saa za Pangani huitangulia Ufaransa kwa saa mbili wakati wa kipupwe, na kabla Adhuhuri ya kwetu haijaingia, walikuwa wamekwisha kumsalia baada ya Adhuhuri ya kwao na kumzika. Hata kama barabara ingekuwa wazi tusingaliwahi. Na twasema kweli, jambo hilo halikutufariji. Tulisimama mbele ya beseni la vyombo kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kusimama.

Alasiri, katika mapumziko, Kaka Mkubwa alileta Wamoroko wawili wa hoteli ya jirani. Tuliingia katika chumba cha mabuti. Sisi na yeye ni Mashafii, na madhehebu yetu huruhusu kumsalia maiti asiyekuwapo. Wale wawili ni Wamaliki, na kwao haimo. Walituambia hivyo kwa adabu, wakakaa nyuma yetu. Tulipotoa salamu tuliwakuta wamekwisha kuinua mikono wanamwombea. Hakuna aliyemfundisha mwenziwe fiqhi siku hiyo.

Wakati wa Magharibi ulipofika tuliukumbuka wasia wake, tukaadhini kwa sauti ndogo katikati ya mabuti ya wageni. Kisha saa kumi na mbili ikafika, tukarudi kazini. Juu ukumbini wageni walikuwa wakilalamika kwamba siku yao moja ya mchezo imepotea.

Mwisho wa msimu

Aprili theluji iligeuka tope, maua madogo yakachomoza, na katika siku tatu kijiji kikawa kitupu. Tulilipa deni la ada, tukabakiwa na kidogo. Kaka Mkubwa alishuka Marseille na daftari lake. Hatukuwahi kuteleza hata mara moja. Yeye, katika misimu tisa, aliteleza mara mbili, na mara ya pili aliumia goti.

Tangu hapo mengi yamepita. Tarehe 20 Januari 2019 nyumba iliyokuwa ikilaza wafanyakazi wa msimu iliungua usiku huko Courchevel. Wawili walikufa na wengine wengi waliumia, baadhi yao kwa kuruka madirishani. Machi 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, vituo vyote vya Ufaransa vilifungwa kwa tangazo la usiku mmoja, na wafanyakazi wakapoteza kazi na kitanda pamoja. Msimu uliofuata mashine za kuwapandisha wageni hazikufunguliwa kabisa kwa umma. Na theluji yenyewe inapungua: joto la Alps limezidi kadiri ya digrii 2 tangu mwisho wa karne ya 19, na vituo vya chini, kama Céüze uliosimama mwaka 2018, vinafungwa. Sisi tusistaajabu, barafu ya Kilimanjaro yetu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912.

Basi kwa kijana anayetuuliza, jibu letu ni hili. Kazi ya halali haina aibu, hata iwe ya kuosha masufuria. Lakini mwajiri ndiye anayepaswa kukuombea idhini ya kazi, na kibali cha mfanyakazi wa msimu huko Ufaransa hakizidi miezi sita katika mwaka, na makazi yako yabaki kwenu. Anayekuahidi zaidi ya hayo kwa fedha taslimu anakuuzia upepo. Uliza utalala wapi, na mlango wa kutokea moto uko wapi. Andika saa zako kila usiku. Omba dakika zako tano mapema. Jua kwamba Ramadhani sasa imeingia katika msimu huo, nayo itaendelea kurudi nyuma mpaka mwaka 2030, ambapo itaanza Januari na kuanza tena Desemba. Mchana wake ni mfupi, lakini kazi yake haipungui.

Na kwa wazazi twasema: msihesabu fedha peke yake. Mnapomtuma mtoto aifuate kaskazi, kubalianeni naye siku ya kusi, na kila Ijumaa apige simu azungumze na wazee, kila mmoja wao kwa jina lake. Sisi tulidhani kwamba bibi atangoja msimu uishe.

Wabillahi tawfiki.